Uzee hauna haraka: namna ya kutofautisha umri na ugonjwa kwa mzazi

Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alifariki Septemba 2022 akiwa na miaka 96. Cheti chake cha kifo kilipowekwa hadharani, mahali pa kuandikia chanzo cha kifo palikuwa na jambo moja tu: uzee. Si moyo, si figo, si saratani. Anayekisoma cheti hicho ana haki ya kujiuliza kama uzee nao ni ugonjwa, wa kuwekwa safu moja na kisukari na kiharusi.

Mapema mwaka huohuo jibu tofauti kabisa lilikuwa limeshatolewa. Orodha mpya ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ilianza kutumika Januari 2022, na ilipokuwa ikiandaliwa ilikuwa na kipengele kilichoitwa "uzee". Wataalamu na watetezi wa wazee wakapiga kelele, na kabla orodha haijaanza kazi neno hilo likaondolewa. Hofu yao ni rahisi kuielewa: ukimpa daktari mwenye foleni ndefu neno "uzee", atalitumia. Mgonjwa ataingia na maumivu, atatoka ameambiwa umri wake.

Tusiwaonee madaktari peke yao, lakini. Majumbani kwetu neno hilo lingali linatumika. Mama haitiki akiitwa: ni uzee tu. Baba anaacha chakula nusu sahani: ni uzee tu. Bibi tangu juzi anaongea na watu wasioonekana: mwacheni, ni uzee huo. Tunayasema maneno hayo kwa upole, hata kwa heshima, na upole huo ndio unaoyafanya yapite bila kuulizwa. Na mara nyingi ni ya uongo.

Kuna kipimo kimoja ambacho mtu asiye daktari anaweza kukitumia, nacho ni kasi. Uzee hauna haraka. Unatembea kwa miaka, hatua ndogondogo, kiasi kwamba wanaoishi na mzee kila siku hawauoni na mgeni aliyekuja baada ya miaka mitatu ndiye anayeshtuka. Jambo lililoanza wiki hii si uzee. Lililoanza jana, si uzee kabisa.

Tuanze na maneno

Kuzeeka ni kupungua kwa akiba ya mwili. Umoja wa Mataifa hutumia miaka 60 kuhesabu wazee, lakini huo ni mpaka wa takwimu, mwili hauujui. Misuli huanza kupungua polepole tangu miaka ya 30, na macho huanza kukataa maandishi madogo ya karibu kwenye miaka ya 40. Kwa hiyo wengi wanaomwambia mzazi "umezeeka" wameshaianza safari hiyohiyo bila kujitambua.

Mfikirie mzee kama simu yenye betri kuukuu. Simu inafanya kazi, inapiga, inapokea. Tatizo ni kwamba betri ikionyesha asilimia 40 huwezi kuiamini: ukiwasha tochi, inazima ghafla. Betri mpya ingevumilia tochi hiyo hata usigundue. Mwili wa kijana una akiba ya kuvumilia homa, kuharisha siku mbili, usiku bila usingizi. Wa mzee unaendesha maisha ya kila siku vizuri tu, mpaka ije "tochi" ndogo: maambukizi ya mkojo, kidonge kipya, kiu ya siku mbili. Kinachozima simu hapo ni tochi. Betri kuukuu ni sababu ya kuwahi, si sababu ya kukata tamaa.

Demenshia ni neno la pili. Si jina la ugonjwa mmoja. Ni kama homa: homa ina visababishi vingi, na malaria ni kimojawapo. Demenshia ni hali ya kumbukumbu, kufikiri na kuamua kuharibika kiasi cha mtu kushindwa kuendesha maisha yake, na magonjwa mengi huweza kuileta. Unaoongoza ni Alzheimer, ambao kwa makadirio ya WHO huchangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote. Kiharusi na uharibifu wa mishipa midogo ya damu kichwani ni kisababishi kingine kikubwa.

Hapa kuna kipande cha historia ninachokipenda kwa sababu kinavunja uzushi mzima. Mgonjwa ambaye Alois Alzheimer, daktari wa Kijerumani, alimweleza wenzake mwaka 1906 hakuwa bibi kizee. Alilazwa mwaka 1901 akiwa na miaka 51. Ugonjwa tunaouita "wa uzeeni" uligunduliwa kwa mtu ambaye wengi wetu tungemwita dada. Umri huongeza uwezekano wa kuupata, hilo ni kweli, lakini wazee wengi huishi mpaka mwisho wa maisha yao bila kuupata.

Kasi nne za akili kubadilika

Kasi ya kwanza ni ya uzee wenyewe, inayohesabiwa kwa miaka. Mzee anamsahau mtu jina, kisha usiku wakati wa kulala linamjia. Ameweka miwani mahali, anarudi nyuma kwa mawazo, "nilikaa pale, nikasimama, nikaenda kule", anaipata. Ni kama sanduku lililojaa nguo za miaka 70: vazi unalolitafuta limo, ila kulitoa kunachukua muda. Mpe muda huo. Tabia yetu ya kumdakia mzee neno mdomoni humfanya aonekane amesahau kitu ambacho alikuwa njiani kukitoa.

Kasi ya pili ni ya demenshia, miezi na miaka. Katika Alzheimer nguo mpya haziingii sandukuni kabisa. Za chini, za zamani, bado zimo. Ndiyo maana ile hoja ya ndugu wengi, "mbona anakumbuka mambo ya utotoni kuliko mimi, akili yake ni nzima", haithibitishi lolote. Umuulize kuhusu asubuhi ya leo. Dalili za kutilia maanani ni kuuliza swali lilelile mara tano ndani ya saa moja bila kujua kwamba ameshauliza. Kupotea njia aliyoipita nusu ya maisha yake. Kushindwa kupanga hatua za kazi aliyoijua kwa kichwa. Kuharibikiwa na hesabu za fedha alizokuwa akizimudu.

Na shutuma za wizi. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu jambo hili limevunja nyumba nyingi. Mama anaficha fedha, kwa kuwa anahisi akili yake haiko sawa na anataka kuzilinda. Kisha anasahau kwamba amezificha. Anakwenda mahali zilipokuwa, hazipo. Kwake yeye hitimisho ni moja tu, na kwa kweli ni hitimisho la mantiki: zimeibwa. Mwizi anakuwa nani? Mtu aliye karibu kila siku, yaani mkamwana au yule anayemhudumia. Ndugu walio mbali wanapigiwa simu, wanaamini, wanakuja juu. Aliyejitolea zaidi ndiye anayeondoka na jina baya. Kubishana na mzee katika hali hiyo hakusaidii, maana pengo la kumbukumbu halizibwi kwa hoja. Kaeni mtafute naye, na mkizijua sehemu zake mbili tatu za kufichia, mnaanza na hizo.

Kasi ya tatu ni ya sonona, ambayo huja kwa wiki. Mzee aliyefiwa na mwenzake, aliyestaafu, aliyehamishwa nyumba, anapoteza hamu. Si lazima alie au aseme ana huzuni. Wengi hulalamika mwili unauma, usingizi umekata, chakula hakina ladha, "sikumbuki kitu". Ukimuuliza jambo, mwenye demenshia mara nyingi hubahatisha jibu au huficha pengo. Mwenye sonona husema "sijui" na kukuacha hapo. Tofauti hii haitoshi kumtangazia mtu ugonjwa, lakini inatosha kumpeleka akapimwe, kwa kuwa sonona inatibika hata katika miaka ya 80.

Kasi ya nne ndiyo ya hatari: saa na siku. Jana mzee alikuwa sawa, leo hajui yuko wapi, anavuta shuka, anaona vitu visivyokuwepo, usiku anaugeuza mchana. Au kinyume chake, ambacho ndicho hupita bila kutambuliwa: ananyamaza, analala tu, ukimwamsha anafungua macho na kuyafumba. Nyumba nzima inashukuru kwamba leo mzee ametulia. Hali hupanda na kushuka, asubuhi anakujibu vizuri, jioni amepotea. Huko ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, na ni dharura kama kifua kubana. Chini yake kuna kitu: maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, kuishiwa maji, sukari iliyoshuka, choo kilichofunga siku nyingi, mkojo uliozuiwa na tezi dume, maumivu asiyoweza kuyaeleza, au dawa mpya. Msisubiri joto lipande, kwani mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila homa yoyote, kama anavyoweza kupata shambulio la moyo bila maumivu ya kifua. Kisababishi kikitibiwa mapema, wengi hurudi kama walivyokuwa.

Mwenye demenshia anaweza kupatwa na kasi hii ya nne juu ya ile ya pili. Familia husema "ugonjwa wake umezidi", kumbe ni mkojo. Vilevile, mzee aliyejigonga kichwa akaonekana hana neno anaweza kuanza kubadilika wiki kadhaa baadaye, kwa sababu damu imekuwa ikivuja taratibu ndani ya fuvu. Upungufu wa vitamini B12 na uvivu wa tezi ya koo navyo huiga demenshia, na vyote viwili vinaonekana kwa kipimo cha damu.

Yanayosingiziwa umri

Masikio. Uziwi wa uzeeni hauzimi sauti zote sawasawa. Hula kwanza sauti nyembamba kama *s*, *f* na *t*, na kuacha zile nene. Mzee anasikia kwamba unaongea ila hapati maneno, na akijibu nje ya swali anaonekana akili imeruka. Kumpigia kelele kunaongeza sauti nene asizozihitaji, na kwake inakuwa ni ukali tu. Kaa mbele yake, mahali penye mwanga, aone midomo yako, sema polepole. Kisha apimwe; wakati mwingine ni nta iliyoziba. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet mwaka 2024 liliutaja uziwi miongoni mwa mambo 14 yanayochangia demenshia na ambayo yanaweza kupunguzwa; kwa pamoja yanahusishwa na takriban asilimia 45 ya demenshia duniani. Mengine ni pamoja na presha, kisukari, sigara na upweke.

Macho: mtoto wa jicho bado anaongoza duniani kwa kupofusha watu, ilhali huondolewa kwa upasuaji mfupi. Sina la kuongeza hapo.

Mkojo ni wa kusimulia zaidi, kwa kuwa hausimuliwi. Mama akianza kushindwa kujizuia hatamwambia mtu. Atapunguza kunywa maji. Tayari hisia ya kiu hufifia na umri, sasa anaongeza na kujinyima. Mkojo unakuwa mzito, maambukizi yanaingia, anaamka usiku mara nne kukimbilia choo gizani, anaanguka. Siku ya kuvunjika nyonga, watu wanasema ameteleza. Kutoweza kuzuia mkojo si sehemu ya lazima ya uzee. Kuna mazoezi ya misuli inayozuia mkojo, kuna dawa, kuna kubadilisha saa ya kumeza vidonge vya kukojoza. Ila lazima mtu aulize, na binti akiuliza, faraghani, ni tofauti na kuulizwa mezani.

Kuanguka nako kunafuata njia hiyohiyo. Takriban mtu mmoja kati ya watatu wenye miaka 65 na zaidi huanguka walau mara moja kwa mwaka, na aliyeanguka mara moja huogopa. Akiogopa anakaa. Nasi kwa upendo tunamwambia akae: "mama, tulia, nitakuletea." Utafiti mmoja uliwalaza kitandani wazee wenye afya njema kwa siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguuni. Halafu kuna ule wa Boston wa mwaka 1990, ambapo Maria Fiatarone na wenzake waliwafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito wakazi wa makao ya wazee wenye wastani wa miaka 90. Baada ya wiki nane nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Miaka 90! Kwa hiyo "mzee apumzike" ni ushauri wa kutazamwa upya. Kusimama kutoka kitini na kukaa tena, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, akishikiliwa ikibidi, ni dawa isiyohitaji duka.

Na dawa zenyewe? Mzee mwenye presha, kisukari na magoti anaweza kumeza aina saba kwa siku, zilizoandikwa na madaktari watatu wasiofahamiana. Figo zake zinasafisha polepole kuliko zamani, dawa zinakaa mwilini muda mrefu. Vidonge vya usingizi, na vile vya mafua na mzio vinavyosinziisha, vinanunuliwa bila woga wowote ilhali ni miongoni mwa vinavyowachanganya wazee akili na kuwaangusha. Vya maumivu vinaweza kuumiza figo na tumbo. Weka kila kitu kwenye mfuko mmoja, pamoja na miti shamba na alichopewa na jirani, umpelekee daktari mmoja au mfamasia aupekue. Usikatishe dawa kwa uamuzi wako. Nyingine zikiachwa ghafla ni hatari.

"Anarudi utotoni"

Msemo huu una huruma ndani yake, lakini unapotosha. Mtoto anajifunza asichowahi kukijua. Mzee anapoteza alichokimiliki, na anajua anakipoteza. Ukimlisha kwa kijiko mtu anayeweza kula mwenyewe taratibu, hujamsaidia, umemnyang'anya.

Wataalamu hupima uwezo wa mzee kwa kazi, si kwa umri. Mwaka 1963 Sidney Katz na wenzake waliorodhesha kazi sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani au kitini, kujizuia haja, na kula. Waliona pia kwamba uwezo huelekea kupotea kwa mpangilio, kuoga kukiwa mwanzoni na kula mwishoni kabisa. Juu ya hizo sita kuna kazi zinazohitaji kupanga, kama kushika fedha, kununua vitu, kufuatilia dawa na kusafiri, nazo huyumba mapema zaidi. Hii ina maana kwenu: mzee anayeshindwa kufuatilia vidonge vyake anaweza kuwa bado anaoga mwenyewe vizuri kabisa. Msaidie kwenye vidonge, mwachie bafu lake. Familia nyingi huruka kutoka "anajitegemea" hadi "hawezi kitu" kwa siku moja, na katikati palikuwa na miaka.

Miaka hiyo ya katikati ndiyo pia ya kuzungumza. Akiugua sana, anataka nani amwamulie? Akishindwa kuishi peke yake, anapendelea nini? Wengi wanaogopa kwamba kuuliza ni kumwita kifo mlangoni. Wazee wengi wana majibu tayari, wanasubiri mtu wa kuwauliza, na wakati wa kuuliza ni wakiwa bado na sauti yao. Uliza jambo moja, jioni moja. Si mkutano wa ukoo.

Kisha yuko anayelea. WHO inasema wanawake hutoa asilimia 70 ya saa zote za kuwahudumia wenye demenshia. Mara nyingi ni binti mmoja au mkamwana, anayeamka mara tatu usiku, huku wengine wakituma fedha na maoni. Fedha zina kazi yake. Ila hazimgeuzi mzee kitandani saa nane za usiku, na hazimpi mlezi siku ya kulala mpaka asubuhi. Akianza kufoka, kusahau miadi yake mwenyewe, kuugua kila mwezi, msimwambie avumilie. Mpangieni zamu, yenye majina na tarehe.

Huyo ndiye mwenye jibu ambalo hakuna mashine inayolitoa. Mkifika kwa daktari, swali la kwanza la maana litakuwa: tangu lini? Kaka mkubwa aliyesafiri kuja, na ambaye kwa heshima ya ukubwa ndiye anayesema, atajibu, "Ah, muda mrefu sasa, ni umri." Aliyekuwa akimwogesha, na ambaye pengine ameachwa nje akishika mkoba, angesema: Jumanne. Jumatatu alikula vizuri na kuulizia wajukuu. Jumanne ndipo tulipoanza vile vidonge vipya.